Nani Atashika Sebene?

Exaucée hakuwahi kukaa kitako hadi chai yake ikapoa. Hivyo ndivyo walivyomfahamu watu wa mtaa wa Kabalagala: mwanamke mwembamba mwenye bunda la vitenge begani, anayeingia saluni kwa mlango huu na kutokea kwa mlango ule, asubuhi yuko sokoni Nakawa, adhuhuri amekwisha kurudi, na njiani anaimba sauti ya pili ya wimbo ambao sauti ya kwanza haipo. Hata kanisani alikuwa akihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mpaka mkeka wa waimbaji ukachakaa upande wake peke yake.

Simu yake haikukaa mbali naye. Kama wenzake wengi waliotoka Bukavu, alikuwa na faili lake katika ofisi za wakimbizi, na aliambiwa kwamba siku yoyote anaweza kupigiwa kuitwa safari ya ng'ambo. Kila ilipolia namba ngeni, moyo wake uliruka. Kwa kawaida alikuwa ni mteja anayeuliza kama kile kitenge cha ndege wa bluu bado kipo.

Kanisa lao dogo la mabati, mteremkoni nyuma ya maduka, liliwahi kuwa na bendi iliyowafanya wapita njia wasimame. Nyimbo zao zilianza polepole, kwa sauti za watu tu. Kisha gitaa lilichomoka, na wimbo ukaingia sebene, yaani ile sehemu ya mwisho ambayo maneno hupungua, gitaa huzunguka na kuzunguka, na watu hucheza. Kwa Mkongomani, wimbo usiofika kwenye sebene ni ugali ulioletwa mezani bila mboga.

Lakini bendi ile iliondoka mmoja mmoja. Mpiga ngoma aliitwa kwanza, akaenda Australia. Mpiga besi akafuata. Kila aliyeondoka alipigiwa wimbo na waliobaki, wakimsindikiza hadi penye gari. Mwisho akaitwa Bienfait, mpiga gitaa, mdogo wake Exaucée wa tumbo moja. Alikwenda Kanada, na hapakuwa na wa kumpigia. Watu walimsindikiza kwa makofi, na makofi yale yalisikika kama mvua inayojaribu kuanza ikashindwa.

Baada ya hapo kwaya iliimba bila ala, Jumapili baada ya Jumapili, na waumini wakaanza kutoa sadaka wakitembea tu, kama watu wanaovuka barabara. Sikukuu ya mavuno ilipokaribia, mwenyekiti wa kwaya, Papa Bisimwa, aliwaketisha waimbaji baada ya mazoezi. Alikuwa fundi cherehani, mtu mzito wa maneno, ambaye hata akiongea alipapasa kola yake kama anayetafuta sindano.

"Wanangu," alisema, "kwaya ya kanisa la jirani wametualika tuungane nao. Wana kibodi. Wana mpigaji."

"Na tutaimba nini, Papa?" aliuliza Exaucée, ambaye tayari alikuwa amesimama. "Nyimbo zao?"

"Zao. Kwani Mungu hasikii Kiganda?"

"Anasikia. Lakini nikikisema mimi, atacheka."

Watu walicheka. Exaucée hakucheka. "Nina gitaa la Bienfait humu," alisema, akiinua simu. "Mazoezi yote niliyarekodi. Nitayakata, niyaunganishe upya, niyatilie ngoma. Vijana wanaita remiksi. Tutaimba juu yake."

"Wewe?" Aliyesema ni Victoire, mwimbaji wa sauti ya tatu, mama wa mapacha, ambaye ulimi wake haukuwa na kifuniko. "Wewe ambaye chapati zinakuungulia kwa sababu huwezi kusimama mbele ya kikaango?"

"Chapati haziimbi, Victoire."

"Zako zinalia, ya Exaucée," alisema, kwa lile "ya" ambalo kwao humaanisha dada. "Tumezisikia."

Papa Bisimwa aliinua mkono, akangoja wanyamaze. "Sikatai," alisema. "Mchango wa kwaya upo, chukua ununue unachohitaji. Lakini nina swali moja, nalo si la mashine. Bienfait alikuwa na kipaji, akaitwa. Wenzake vivyo hivyo. Sasa tukikununulia vyombo, ukajifunza wewe, kisha simu yako ikalia, nani atashika sebene? Nimechoka kuzika bendi ambayo watu wake wako hai. Isipofaa safari hii, tutaungana na jirani, na hii kwaya yetu tutaifunga."

Jibu Exaucée hakuwa nalo, na mtu asiye na jibu hutembea. Kesho yake alitembea mpaka mjini.

Katika duka la kwanza alioneshwa mashine yenye magurudumu mawili ya kuzungushwa kwa vidole na taa zinazomeremeta kama harusi. Muuzaji alimwambia kwamba hiyo ndiyo yenyewe, na kwamba madijei wakubwa hawatumii nyingine. Mkono wa Exaucée ulikuwa tayari mkobani alipokumbuka kwamba hata hajui inawashwa wapi. Aliipiga picha, akaahidi kurudi, akashuka mbio hadi Kabalagala kwa Goretti.

Goretti alikuwa na kibanda cha kupakia nyimbo. Watu walimletea flashi na simu, naye akawajazia muziki wa kila taifa. Alizaliwa katika kambi ya polisi, binti wa Saverio, Mwacholi aliyepiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi hadi alipostaafu. Na Kiswahili alikinyonya kambini, ambako watoto wa makabila yote walitukaniana kwa lugha hiyo moja. Nyimbo za Kilingala alizijua kwa mamia, bila kujua maana ya neno hata moja.

Aliitazama picha, akamrudishia simu. "Nyabo," alisema, akimwita bibi kwa Kiganda, "unataka kucheza nyimbo mbele ya watu, ama unataka kutengeneza wimbo?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Kupika na kupakua ni kitu kimoja? Hii ya magurudumu ni ya kupakua. Wimbo umekwisha kuiva, dijei anaumwagia watu. Wewe unataka kupika."

"Basi nipike na nini?"

Goretti alimwambia, na alimwambia vizuri. Atafute laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ya jigi nane au zaidi, na diski ya kisasa isiyozunguka, kwa sababu programu za sauti ni nzito na kompyuta dhaifu hukwama katikati ya wimbo. Maikrofoni na kisanduku chake cha kurekodia aviache kwanza. Sauti anazo tayari. Programu aanze na ya bure, Audacity, ajifunze kukata na kuunga kabla ya kutamani makubwa. "Na hedifoni," alisema, "chukua za studio. Zitakuchosha. Hazipambi kitu. Zinakuambia ukweli."

Laptopu aliipata siku hiyo hiyo. Kwenye hedifoni ndipo haraka yake ilipomponza. Dukani alizivaa za studio, akasikia wimbo mkavu, kama mahubiri yasiyoitikiwa amina. Akavaa nyingine, nyeusi zenye mstari mwekundu, na besi ikamgonga kifuani mpaka akashika kaunta. Alinunua za kugonga. Njiani alijiambia kwamba Goretti hajui raha.

Kisha zikaja siku za kuhangaika. Alitazama masomo kwenye simu huku akitembeza vitenge, na kila mwalimu alikuwa na programu yake. Wa asubuhi aliisifu hii, wa jioni akaicheka. Alianza na Audacity, akaiacha kabla hajajua kitufe cha kurudisha nyuma kiko wapi. Jirani alimpa flashi yenye kopi ya wizi ya programu kubwa. Aliiweka, na laptopu ikaanza kufungua kurasa za kamari yenyewe. Ikabidi aipeleke kibandani ikasafishwe, huku Goretti akimsema wateja wakisikia.

"Bambi, maskini, mwanamke huyu anahama programu kama nyani anavyohama matawi! Tawi gani limewahi kukupa ndizi?"

"Ile ya kwanza ilikuwa na sura mbaya."

"Mume wako utamchagua kwa sura, programu hapana. Rudi kwa ile ya kwanza. Kaa nayo."

Alirudi. Asubuhi, kabla ya kutoka na vitenge, aliketi kwenye kigoda, mguu mmoja ukitikisika, akamsikiliza mdogo wake. Katika mazoezi yale mlikuwa na kilio cha mtoto, pikipiki inayopanda mteremko, kikohozi cha Papa Bisimwa. Lakini katikati ya hayo yote gitaa la Bienfait liling'aa kama sarafu ndani ya mchanga. Alipolitilia ngoma ya kompyuta, mambo yakaharibika: ngoma ilikwenda mwendo wake wa saa, gitaa likazidi kukaza mwendo, na mpaka mwisho wa sebene vilikuwa vimeachana kama mume na mke waliogombana njiani.

Alimtumia Bienfait ujumbe wa sauti, akilaumu. Jibu lilikuja na upepo wa nchi ya mbali ndani yake. "Dada, mimi sikukaza mwendo. Ninyi ndio mliocheza haraka, nami nikawafuata. Chukua pale nilipotulia. Kipande kifupi tu, ukirudie."

Ushauri ulikuwa mwema. Alitafuta vipande vile vifupi, akavirudia, ngoma ikakubali. Akaujenga wimbo mzima, mwanzo wake, kupanda kwake, na sebene ndefu kuliko zote alizowahi kuzisikia. Ndani ya hedifoni zake ulikuwa mtamu mno hata akausahau mguu wake, ukaacha kutikisika.

Jumamosi ya kuusikiliza, Papa Bisimwa aliagiza uchezwe kwenye spika za kanisa, na watu wapite mbele kama watakavyopita siku ya mavuno. Exaucée alibonyeza. Ngoma iliyokuwa ikimgonga kifuani ilitoka kama ukucha unaogonga kiberiti. Besi haikuwapo. Hedifoni zile za mstari mwekundu zilikuwa zikiongeza besi zenyewe, naye, akidhani imezidi, alikuwa ameipunguza kila siku kidogo.

"Ni mbu?" aliuliza Victoire. "Maana nasikia mbu anapiga gitaa."

Hata hivyo watu walijitahidi, wakajipanga, wakaanza kucheza kuelekea kwenye kapu la sadaka. Nusu yao hawajafika, wimbo ukaisha. Haukufifia, ulikatika tu. Waliokuwa njiani walibaki na mguu mmoja juu, wakitazamana. Mzee mmoja alikaa chini pale pale alipofikia.

Papa Bisimwa hakucheka. Alimsogelea Exaucée na kusema kwa upole, na upole ule uliuma kuliko mzaha. "Binti yangu, Bienfait alikuwa hapigi tu. Alikuwa akitutazama. Sebene yake haikufungwa mpaka mtu wa mwisho amefika kwenye kapu, awe kiwete, awe mama mwenye watoto watatu. Hii yako haitutazami." Kisha akawageukia wengine. "Mavuno ni Jumapili ijayo. Nyimbo za jirani tutazifanyia mazoezi, tusije tukaaibika. Exaucée ana wiki yake. Asubuhi ile nitaamua."

Safari hii Exaucée hakukimbia. Alikwenda kwa Goretti akitembea polepole, na Goretti, alipomwona anatembea polepole, alimsogezea kiti kabla hajaombwa.

"Uliniuliza kupika ama kupakua," alisema Exaucée. "Sisi tunafanya vyote viwili pamoja. Mpishi wetu anasimama na mwiko mkononi, anatazama nani hajala."

"Basi nilikuuliza swali la nusu," alisema Goretti. "Sikujua kwenu mnasali hivyo. Baba yangu angejua. Gwaride lilipokuwa linapita, hakutazama ngoma hata mara moja. Alitazama miguu ya wanaopita." Akaanza kufunua maboksi chini ya meza. "Usiujenge wimbo mzima. Uache vipande vipande. Kila kimoja ukipe kitufe, na kinazunguka mpaka wewe ubonyeze kingine. Vitufe vya laptopu vinatosha, lakini kwa mikono yako hiyo utafunga programu katikati ya sala." Alitoa kibao kidogo cha vitufe vya mpira, kilichochubuka pembeni, ambacho mteja alikiacha alipohamia kwenye magurudumu. "Hiki. Kuna programu ya bure itakayokipokea. Na zile hedifoni zako za disko niachie, nitakupa za ukweli."

"Zinachosha."

"Ukweli ukikuchosha, pumzika, kisha uurudie."

Wiki ile Exaucée aliuza vitenge vichache kuliko wakati wowote. Alisikiliza kila kipande kwenye hedifoni zile kavu, kisha kwenye simu, kisha kwenye spika ya kibanda cha Goretti pikipiki zikinguruma mbele yake. Kilichosimama mahali pote patatu alikiweka, kilichoanguka alikirudisha jikoni. Kwa sababu haraka yake ilimsahaulisha kitufe kipi ni kipi, alibandika juu ya kila kimoja kijipande cha kitenge: kijani kwa mwanzo wa polepole, njano kwa kupanda, nyekundu kwa sebene.

Asubuhi ya mavuno kanisa lilinukia mananasi. Kuku walikuwa wamefungwa miguu chini ya meza, na mikungu ya ndizi imesimama ukutani kama wageni. Papa Bisimwa alisikiliza kipande kimoja tu, kichwa kimeinama, akasikia besi, akasema, "Tutaimba zetu. Lile la kuifunga kwaya bado sijaliamua."

Wakati wa sadaka, Exaucée alibonyeza kijani. Kwaya iliingia. Akabonyeza njano, na kwenye mstari ambapo Bienfait alizoea kuchomoka, akabonyeza nyekundu. Gitaa liliruka katika yale mabati, na kanisa zima lilipiga yowe, maana walimtambua kwa mkono wake kabla hawajakumbuka kwamba hayupo. Walipita na maboga, na vikapu vya mayai, na vitenge vilivyokunjwa. Miguu ya Exaucée ilitaka kwenda nao, akaikataza. Macho yake yaliwafuata watu, kidole kikingoja. Mama mmoja mnene alisimama katikati ili acheze mduara mzima, kidole kikangoja. Mzee wa fimbo alifika wa mwisho, akaweka papai lake kwenye kapu.

Hapo alinyanyua mkono aufunge wimbo. Lakini Papa Bisimwa, aliyesimama kando ya kapu, alikuwa akimtazama yeye. Aliashiria kapu kwa kidevu. Na wewe?

Kwao hakuna anayeketi bila kutoa sadaka. Zamani wapigaji walipokezana: mmoja alishika mzunguko, mwingine akashuka kutoa, akarudi, mwenzake akaenda. Lakini alikuwa peke yake, na kitenge alichokitenga, kizuri kuliko vyote vya lile duka lake la begani, kilikuwa miguuni pake. Akizima, sebene imekufa mbele ya watu. Asipokwenda, amekula mavuno bila kutoa. Na lile swali alilokosa jibu lake lilikuwa mbele yake, limevaa koti, limesimama kando ya kapu.

"Victoire!" aliita.

Victoire aligeuka huku akiimba.

"Njoo ushike."

"Mimi? Nikiharibu?"

"Nyekundu inazunguka yenyewe. Watazame watu tu. Nikifika kwenye kapu, bonyeza kijani, tufunge."

"Ya Exaucée, mimi sijui hata kuwasha redio!"

"Na mapacha unajua yupi analia na yupi anadanganya. Njoo."

Victoire alikuja, akiwa ameinua mikono kama mtu aliyeambiwa ashike nyoka. Exaucée aliokota kitenge, akakifungua chote juu ya kichwa chake, akashuka akicheza. Hajafika nusu ya njia, kidole cha Victoire kikateleza: kijani kikaingia ghafla, polepole, na gitaa likalala. Watu walicheka. Exaucée hakugeuka kurudi. Alipunguza mwendo, akacheza ule upole, bega moja kisha jingine, na kanisa likamfuata hivyo hivyo. Na nyuma yake alisikia Victoire akilaani kwa sauti ya chini, kisha nyekundu ikarudi, na yowe likapanda kuliko la kwanza.

Aliweka kitenge kwenye kapu. Papa Bisimwa alikuwa akitazama juu ya bega lake, kule kwenye meza, ambako Victoire, ulimi umetokeza pembeni mwa midomo, hakuwa akitazama vitufe tena. Alikuwa akiwatazama watu, mmoja mmoja, mpaka mlangoni, kama kuna aliyebaki.

"Huyo hana faili, sivyo?" aliuliza Papa Bisimwa.

"Analo, Papa. Sote tunalo."

Mzee alipapasa kola yake. "Basi Jumamosi amfundishe mwingine," alisema, "na huyo mwingine amfundishe mwingine. Jirani nitawaambia waje wao kwetu."

Simu ya Exaucée ilitetemeka mfukoni, namba ngeni. Aliiacha itetemeke. Victoire alikuwa bado hajabonyeza kijani, kwa sababu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, na kuku mikononi.